Sahani Kutoka kwa Mkwe

Ikiwa unasoma haya huku mguu wako umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya stuli, kwanza nikwambie kwamba ile harufu unayoificha naijua. Najua unavyokimbilia kiti cha karibu na dirisha wageni wakija, na unavyowachungulia usoni kuona kama wameisikia. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko Ndalu, mjane, na umri wangu umefika pale ambapo hata wauza mitumba sokoni wananiita Kukhu, yaani nyanya, bila kuniuliza jina. Leo natembea kwa fimbo. Mguu wa kulia hauna vidole vitatu, lakini upo, na ninaukanyaga.

Sitakueleza sayansi. Waliosomea wapo, waulize. Nitakueleza niliyoyaona, hasa njaa niliyolala nayo katika boma lenye nyama, kwa hiari yangu mwenyewe na kwa heshima zote.

Ilianza na gambuti. Ilikuwa palizi ya kwanza, mvua imeshiba, matope mpaka kwenye vifundo, na gambuti la kulia lilikuwa limechanika kwa ndani. Likanichubua kidole kidogo. Kidonda chenyewe kilikuwa kama punje ya mahindi. Nikakipaka mafuta, nikamaliza mistari yangu, nikaenda kulala. Palizi ya pili ilipofika kilikuwa bado kipo, na kilikuwa kimemwalika jirani yake.

Lakini nikisema kwamba gambuti ndilo chanzo, nitakuwa nalionea. Tangu mume wangu afariki nilikuwa napika chakula cha mtu mmoja, na kumpikia mtu mmoja ni kazi ya kuchosha, hasa mtu huyo akiwa ni wewe. Nilikula ugali na sukuma wiki, nikateremshia kwa chai ya rangi. Nyama niliiacha kwa sababu ya meno, maharagwe nikayaacha kwa sababu ya tumbo, mayai nikayauza. Kisha chakula kikaanza kupoteza ladha. Nilimgombeza mwenye duka kwamba chumvi yake imechanganywa na unga, maskini, akanibadilishia pakiti mara mbili. Mafua yalikuwa hayaniachi, yakiisha haya yanakuja yale. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nikiwauliza watu waliniambia, "Si ni uzee tu, mwalimu," nami nikakubali, kwa sababu jibu hilo halihitaji nauli ya kwenda popote.

Kliniki ya vidonda huko Bungoma ilikuwa kila Alhamisi. Ukitoka Ndalu unaamka jogoo hajawika, na ukifika unakuta benchi limeshajaa wenye miguu kama yako. Walinipima sukari, haikuwepo. Wakapima tena, haikuwepo. Wakanisafisha, wakanifunga, wakanipa dawa za kuua viini, nikarudi nyumbani nikila ugali wangu na sukuma yangu. Kidonda kilikuwa kinakula na mimi.

Hapo benchini nilipata rafiki, Mama Chebet, mkulima wa viazi kutoka miteremko ya Elgon. Alikuwa na kidonda kwenye muundi ambacho alikizungumzia kama ng'ombe mkorofi. "Huyu leo amenipiga teke usiku kucha," alikuwa akisema, akinipa njugu karanga kutoka kwenye karatasi. Nilikula kidogo kwa adabu, maana kwangu zilikuwa kama vijiti. Nilimpenda yule mama. Kungoja pamoja naye kulikuwa afadhali kuliko kupona peke yangu, au ndivyo nilivyodhani wakati huo.

Alhamisi moja nafasi yake ilikuwa wazi. Nikaweka mkoba wangu hapo nimshikie. Mwanawe akaja, akasimama mbele yangu na kofia mkononi, akaniambia walikuwa wamemkata mguu juu ya goti na hakuamka. Niliutoa mkoba, nikaupakata. Mtu mwingine akakaa pale, akaniuliza kama foleni inasonga. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mguu wangu utakatwa na mimi nitaufuata.

Baridi ya Julai ilipoingia, Nekesa alikuja kunichukua. Nekesa ni binti yangu, ameolewa Kitale, na mumewe ana duka la mbegu na dawa za mifugo. Alisema daktari wa Kitale ni mzuri na hospitali ni karibu. Nilipinga, nikashindwa. Nilifunga gunia dogo la unga, sufuria yangu, jiko langu na mche wa sabuni. Nekesa aliangalia mzigo huo akakunja uso, kwa sababu alijua maana yake.

Hapa wasomaji wa kwingine watanicheka, na wa kwetu watanielewa hata kabla sijamaliza. Mama mkwe hali kwa mkwe wake. Halali chini ya paa lake, hamshiki mkono, hata jina lake halitaji, ndiyo maana katika maandishi haya utamsikia tu kama Baba Trevor. Najua siku hizi wengi wameacha. Na hata katika ukoo wetu kuna siku ya kufungua, mkwe analeta kondoo na blanketi, wazee wanakaa, mnasalimiana, na baada ya hapo mnaweza kula pamoja. Mume wangu alifariki kabla ya siku hiyo kufika. Kwa hiyo mimi na Baba Trevor tulibaki tumefungwa. Tukiwa na la kuambiana tulimtumia Neema, mjukuu wangu. "Neema, mwambie Kukhu gari liko tayari," alikuwa akisema akiwa nje ya mlango, nami nikiwa ndani nasikia kila neno. "Neema, mwambie baba yako nimesikia." Mtoto alikuwa anasimama katikati, anatuangalia kama watu wawili wenye wazimu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo si la kuchekesha. Siku ya kumzika mume wangu, jeneza liliposhushwa, miguu iliniishia. Baba Trevor alikuwa karibu. Akanidaka, akanishika mkono na bega mbele ya umati mzima, akanishikilia mpaka nikasimama. Wazee waliona. Miezi michache baadaye mtoto mdogo wa Nekesa na Baba Trevor, wa kunyonya, akafa kwa nimonia. Hakuna aliyesema kitu waziwazi. Ila shemeji yangu, Mzee Khaemba, kaka wa marehemu, alikuja matangani, akanywa chai, akasema, "Kuna mikono haifai kushikana," akachukua kofia yake akaenda.

Mimi ni mwalimu na ni mshirika wa kanisa. Ukiniuliza kama naamini kwamba mkono wa mkwe unaua mtoto, nitakwambia hapana. Ukiniambia nijaribu tena kwa wajukuu waliobaki, Trevor na Neema, nitakwambia pia hapana.

Basi nikakaa Kitale katika chumba cha nyuma chenye paa lake na mlango wake, kile walichokuwa wanahifadhia magunia. Nilipika kwenye jiko langu, unga wangu, sukuma niliyopanda mwenyewe kando ya ukuta. Upepo ukivuma kutoka jikoni kwa Nekesa nilijua kwamba wamekaanga nyama, si kwa pua, maana pua yangu ilikuwa imekufa pamoja na ulimi, ila kwa mlio wa mafuta. Nekesa alikuja na bakuli limefunikwa.

"Mama, si ukule kidogo tu. Nimepika mimi, si yeye."

"Imenunuliwa na nani?"

"Aki Mama. Na Baba Trevor."

"Basi rudisha."

"Nikinunua mimi na pesa yangu?"

"Utapikia wapi? Kwa moto wa nani?"

Alilia, akaenda na bakuli lake. Siku nyingine alikasirika, akaniambia nina kiburi kuliko wanaume wote wa Bungoma. Siku nyingine aliliweka tu mlangoni, na asubuhi nikalikuta paka amelimaliza. Yule paka alinenepa sana mwaka ule.

Mwezi wa Agosti, wakati wa mahindi mabichi, walinikata vidole vitatu. Mfupa ulikuwa umeoza. Sitasema mengi kuhusu upasuaji kwa sababu nililala, ila kuhusu kuamka. Nilipoamka nilijaribu kuvichezesha vidole na vikacheza vyote vitano, nikamwambia nesi kwamba wamenisamehe. Nesi akafunua shuka nikajionea. Baba Trevor alikuja saa ya kuona wagonjwa, akasimama nje ya dirisha la wodi akiwa ametazama maua, maana haifai kumwona mama mkwe akiwa kitandani. Alisimama hapo mpaka kengele ikalia. Wenzangu wodini waliuliza huyo mlinzi ni wa nani.

Nilirudi kwenye chumba changu, na kidonda cha kisu kikakataa kufunga. Nyuzi zilitolewa, nyama ikabaki wazi, imepauka, haina hata nguvu ya kutoa damu. Kisha kifua kikanishika, nikalala siku nyingi nikikohoa makohozi ya rangi ya kutu. Ngozi ya mikono ilikuwa nyembamba, ukinishika inabaki na alama. Nilijiona kwenye kioo cha Nekesa nikamwona mama yangu katika wiki yake ya mwisho. Niliogopa sana. Usiku niliomba nife na miguu miwili, na hilo ndilo lilikuwa ombi langu kubwa.

Kliniki ya Septemba, daktari alifungua bandeji, akakikagua kidonda. Kisha akasema tutajaribu wiki chache tena, na kama hakuna mabadiliko itabidi akate chini ya goti, kabla uozo haujapanda. Alisema kwa upole. Nilimkumbuka Mama Chebet, nikashika kingo za kitanda. Kabla hajaniruhusu kwenda, akanituma kwa mtu wa lishe, chumba cha mwisho kwenye korido.

Alikuwa mwanamke wa makamo, si wa kwetu, nadhani ametoka upande wa Pwani, kwa jinsi Kiswahili chake kilivyonyooka. Alinishika kucha, akaniangalia ulimi, akavuta kope la jicho. Akaniuliza tangu lini chakula hakina ladha. Nilishangaa, maana hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, nami sikuwa nimelitaja, nikidhani linamhusu mwenye duka. Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia. Akauliza na jana, na juzi. Nikamwambia ni hivyo hivyo.

"Kuna madini yanaitwa zinki," akasema. "Kidonda kinayahitaji ili kifunge, na mwili unayahitaji ili upigane na hayo mafua na nimonia. Watu wakizeeka wanakula kidogo, na mwili nao unachukua kidogo. Wewe mama umekauka." Akaandika vidonge. Nilipoviona dukani karibu nicheke, maana ni vile vile tulivyokuwa tunawapa watoto wa kuhara. Lakini alikuwa ameshaniwekea mpaka: hivi ni vya muda mfupi, nisijiongezee hata kimoja kwa sababu vikizidi vinaleta shida nyingine. "Ninachotaka ni chakula. Nyama, maini, samaki, mayai, maharagwe yaliyolowekwa, njugu, mbegu za malenge. Kila siku. Unaweza kupata nyama?"

Kabla sijajibu, Nekesa alilipuka. "Nyama iko! Inapikwa hapo hapo, ukuta mmoja na kitanda chake! Hakuli ati kwa sababu ni ya mkwe."

Yule mama alinitazama, akamtazama Nekesa. "Kwani mkwe amemnyima?"

"Hajanyima," nikasema. "Ni heshima."

Hakunihukumu, na kwa hilo namshukuru. Aliniambia tu kwamba anaheshimu mila za watu, lakini mguu hauzijui.

Jioni ile nilimpigia Mzee Khaemba, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Nilimweleza yote, nikaomba siku ya kufungua iletwe mbele. Ningekubali hata bila kondoo.

"Shemeji, hiyo mambo haitaki haraka," akasema. "Acha watu wavune. Desemba vijana watakuja kutoka Nairobi, tutakaa, tutafanya vizuri."

"Desemba sitakuwa na mguu."

"Sasa tufanye nini, na unajua ile kitu ilitokea?"

"Najua."

"Basi bana. Omba Mungu, ngoja Desemba."

Nilikata simu. Nilikuwa nimemheshimu mtu huyo miaka yote, nikimpikia, nikimwekea kiti, na jioni ile nilimchukia. Nililia kwa hasira mpaka kifua kikauma. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya. Niliposikia gari langoni, nilifungua mlango wa chumba changu nikaita mwenyewe, bila kumtuma Neema.

"Baba Trevor."

Nyayo zilisimama. Alikuja mpaka pembeni mwa ukuta, mahali ambapo sikuweza kumwona.

"Naomba chakula," nikasema.

Kuku wa jirani walikuwa wanaingia kulala. Nikarudia, kwa sababu niliona aibu, na nikirudia aibu ilikuwa inapungua. "Naomba chakula kutoka nyumbani kwako. Wanataka kukata mguu."

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Mama, mnisamehe. Mimi siwezi. Kitu ikipata watoto nitasema nini? Nimezika mmoja. Kila siku nikiangalia hii mikono yangu nakumbuka." Akaenda. Nilisikia mlango wa nyumba kubwa ukifungwa polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa.

Sikumlaumu. Nataka ulijue hilo wewe unayesoma. Nilikaa kitandani nikafikiri kwamba amefanya sawa, na kwamba mguu wangu ni mguu tu. Kupitia ukuta nilimsikia Nekesa akimwambia kitu ambacho nadhani alikuwa amekibeba miaka. "Mtoto wangu aliuawa na nimonia. Mimi nilikuwa nimemshika. Si mkono wako, si mkono wa Mama. Wewe na hao wazee mlinizikia mtoto, mkaniachia na lawama juu yake." Kisha sikusikia tena maneno, ni kilio tu, na sikuweza kutofautisha ni cha nani.

Asubuhi mlango wangu uligongwa. Alikuwa yeye, mkwe wangu, na sahani mikononi, uso ameugeuzia ukutani. Maini yaliyokaangwa na vitunguu, na ugali kidogo. Alipiga goti akaiweka sakafuni mbele yangu.

"Nimekaa nikifikiria," akauambia ukuta. "Mimi ng'ombe wa watu nawauzia chumvi ya madini. Zinki iko hapo kwa pakiti, imeandikwa. Mkulima akikosa kumpa ng'ombe wake namgombeza. Na mama ya bibi yangu analala njaa nyuma ya nyumba yangu."

Nilikula. Ningependa kukwambia kwamba yalikuwa matamu. Hayakuwa na ladha yoyote, yalikuwa kama kutafuna kipande cha sponji. Nililia nikiyameza. Alisimama pale akingoja, mgongo kwangu, mpaka sahani ikawa tupu. Akaichukua akaenda dukani.

Tangu siku ile sahani ilikuja kila siku, asubuhi na jioni, kwa mkono wake mwenyewe, ili kama kuna laana imwangukie yeye wala si Nekesa. Hivyo ndivyo alivyosema. Maini, samaki wadogo, maharagwe, mayai. Mbegu za malenge Neema alinimenyea akiketi mlangoni, akila nyingi kuliko alizonipa. Vidonge nilivimeza vikaisha. Daktari naye aliendelea kunisafisha na kunikwangua, tena kwa maumivu ambayo siwezi kuyaandika, kwa hiyo usiende ukasema kwamba mwalimu wa Ndalu aliponywa na zinki peke yake. Mimi sijui ni kipi kilifanya nini. Ninachojua ni kwamba kliniki ya pili baada ya sahani ile, nesi alifungua bandeji akamwita mwenzake waone. Pembeni mwa kidonda palikuwa na wekundu mpya. Palitoka damu, na wote wawili walifurahi kuona damu.

Na siku moja nikiwa nakunywa uji niligundua kwamba una chumvi badala ya sukari. Nekesa alikuwa amekosea kopo. Nilipiga kelele, "Una chumvi!" naye alikimbia akidhani nimeanguka. Tulicheka mpaka tukashikana.

Mzee Khaemba alipata habari, maana habari hizi hazihitaji nauli. Hakunijulia hali tena. Desemba vijana walikuja, na hakuna aliyekaa kikao. Nilirudi nyumbani kiangazi, kidonda kimefunga, na kwenye matanga ya jirani mwezi uliofuata, wanawake wa rika langu walisogea kidogo nilipoketi. Wananiita yule aliyekula kwa mkwe. Inaniuma, sitakudanganya. Tumewazika waume zao pamoja, na sasa wananipa kiti cha peke yangu. Mmoja tu ndiye aliyenifuata nyuma ya jiko kuniuliza, kwa kunong'ona, kama ni kweli kwamba chakula kikikosa ladha mtu aende hospitali, kwa sababu yeye hasikii chumvi tangu Pasaka. Nilimwambia aende kesho yake. Na wewe nakwambia hivyo hivyo. Usiseme ni uzee kabla hujaulizwa unakula nini. Na ukiulizwa, sema ukweli wa sahani yako, hata kama ukweli wenyewe una mkwe ndani yake.

Nimekuwekea mwisho jambo moja, kwa sababu ndilo gumu zaidi kwangu kuliandika. Neema yuko mzima, nakwambia mapema ili usisome ukiogopa kama nilivyoogopa mimi. Lakini mwezi wa Oktoba, wakati wa kuvuna, sahani zikiwa zimekuja kwa wiki kadhaa na kidonda kikiwa kimeanza tu kufunga, Neema aliamka akiwaka moto. Alitapika, akaanza kupayuka, macho yakageuka. Nekesa alimbeba mbio mpaka garini. Nilisimama mlangoni kwa magongo yangu. Baba Trevor alipokuwa anafunga mlango wa gari, kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Sikuona lawama. Niliona hofu ile ile niliyokuwa nayo.

Walimlaza. Nilibaki na Trevor. Sikupika. Niliapa kwamba sitatia kitu mdomoni tena kutoka nyumba ile, mguu uende, hata mimi niende, mtoto abaki. Nilikaa kwenye kiti nikaomba hivyo kwa sauti, na asubuhi iliyofuata nikaomba tena.

Mchana gari lilirudi. Nilisikia mlango wa jikoni, nikasikia sufuria. Kisha akaja, nguo zile zile za jana, macho mekundu, na sahani ya ugali na nyama mikononi.

"Mtoto?" nikauliza.

"Bado ana homa. Ni malaria, wamepima. Wamemwekea maji na dawa."

"Rudisha hiyo sahani, Baba Trevor."

"Mama, kula."

"Siwezi. Unajua kwa nini siwezi."

"Najua."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa sana," akasema. "Usiku mzima nimeogopa. Lakini nimeona hiyo malaria kwa karatasi, na mguu wako nimeuona kwa macho. Nikikunyima leo, nitakuwa nimesema yule mtoto wetu mwingine niliua mimi. Na sikumuua, Mama."

Hakuiweka sahani sakafuni. Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu, uso kwa uso, akaiweka juu ya magoti yetu, nusu kwake, nusu kwangu. Akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi, akala. Kisha akangoja.

Nikamega.

Tulikula, na nilisikia kila kitu mdomoni, chumvi, kitunguu, mafuta ya nyama. Tulipofika karibu na mwisho akaisukuma sahani yote upande wangu, akasimama, akafuta mikono kwenye suruali yake.

"Maliza, Mama," akasema. "Nekesa ananingoja hospitali nimpelekee uji wa mtoto."

Nikamaliza.